Saa Kumi Jioni: Mwongozo Kamili wa Kuituliza Hamu ya Sukari Unapopunguza Mwili

Ninashona nguo Mbagala, Dar es Salaam, na kwa miaka mingi saa kumi jioni ndiyo ilikuwa saa yangu mbaya. Asubuhi nimekunywa chai na maandazi mawili. Mchana nimepitisha na kipande cha muhogo kwa sababu mteja amekaa benchi anasubiri gauni lake. Ikifika saa kumi, mikono inalegea juu ya cherehani, kichwa kinakuwa kizito, na hakuna kingine ninachokiwaza ila soda baridi na keki ya dukani. Nikila, nachangamka. Haipiti saa mbili nimechoka kuliko mwanzo, na naitaka tena.

Nilijaribu kuacha mara nyingi kwa njia moja tu: kujikaza. Jumatatu naapa, Alhamisi nimerudi.

Kilichonifungua macho hakikuwa uamuzi wangu. Mwanzoni mwa 2024 sukari iliadimika nchini. Mvua za El Nino zilikuwa zimejaza maji mashamba ya miwa na viwanda vikashindwa kuzalisha kama kawaida, bei ikapaa, na duka letu la mtaani likawa linauza kwa kupima robo. Nyumbani tulipunguza kwa sababu haikuwepo. Watoto walinung'unika wiki ya kwanza, ya pili wakanyamaza. Wiki ya nne nikaenda kwa jirani, akanikaribisha chai ya maziwa kama tulivyozoea kuinywa wote. Nilipiga funda mbili nikashindwa. Ilikuwa tamu mpaka inakwaruza koo. Ile ile chai niliyoinywa maisha yangu yote!

Hapo nikaelewa kuwa ulimi unafundishika. Na baadaye, nilipoanza kufuatilia kwa makini, nikaelewa la pili lililo kubwa zaidi: vita ya saa kumi haipiganwi saa kumi. Imeshaamuliwa asubuhi na mchana, kwa ulichokula na usichokula. Mwongozo huu wote umejengwa juu ya mambo hayo mawili.

Kabla hujaanza

Kama una kisukari na unatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, glibenklamidi kwa mfano, usibadili chakula chako ghafla kabla ya kuzungumza na daktari wako, kwa sababu dozi yako imepangwa kulingana na unavyokula. Ukitetemeka, ukatokwa jasho la baridi, moyo ukaenda mbio na kizunguzungu kikakushika, hiyo si hamu. Sukari imeshuka, na hapo unatakiwa uinywe mara moja. Mjamzito naye aanzie kliniki. Na mtu ambaye ghafla anakuwa na kiu isiyokatika, anakojoa mara kwa mara na anakonda bila kujitahidi, akapime sukari kwanza.

Hatua ya kwanza: pima, usipunguze chochote

Kwa siku tatu kula kama kawaida yako, lakini andika. Chai ngapi, vijiko vingapi kila kikombe, soda, juisi, maandazi, pipi, biskuti za watoto ulizomalizia. Andika na saa. Kijiko nacho ukiangalie vizuri: kijiko cha chai kilichosawazishwa kwa kisu kina gramu 4 hivi za sukari, ila wengi wetu tunachota chenye kilima, na hicho kinaweza kuwa karibu mara mbili.

Kama kuandika kunakuchosha, anzia kwenye mfuko wa sukari. Kwetu tuko wanne, na kilo moja ilikuwa haivuki wiki. Gawa gramu 1,000 kwa siku 7, gawa tena kwa watu 4: unapata karibu gramu 36, yaani vijiko tisa kwa kila mtu kwa siku. Hapo bado hujahesabu soda wala maandazi ya kununua.

Sasa linganisha. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linashauri sukari hii isizidi asilimia 10 ya nishati tunayokula kwa siku, na linasema kushuka chini ya asilimia 5 kuna faida zaidi. Kwa mtu mzima anayekula kalori 2,000, hiyo asilimia 5 ni gramu 25, vijiko sita hivi. Katika hesabu hiyo imo sukari ya mezani, asali, na hata juisi ya matunda uliyokamua mwenyewe. Tunda zima halimo, wala utamu wa asili wa maziwa.

Nasisitiza hatua hii kwa sababu karibu kila mtu anayeniambia "mimi sili vitu vitamu" anakunywa chai nne.

Hatua ya pili: anza na chai, kwa nusu kijiko

Chai ndiyo mlango mkubwa wa sukari katika nyumba zetu. Unaingia kila siku, mara tatu nne, bila kuonekana. Habari njema ni kwamba ndiyo iliyo rahisi kupunguza.

Usiache chai. Wengi wanaacha chai na sukari siku moja, kesho yake kichwa kinawagonga, wanasema mwili unadai sukari. Mara nyingi kichwa hicho kinatokana na kafeini, ile ya kuchangamsha iliyomo kwenye majani ya chai, iliyokatwa ghafla. Kunywa chai yako kama kawaida, punguza sukari peke yake.

Kama unaweka vijiko vitatu, wiki hii weka viwili na nusu, kwa kijiko kilichosawazishwa. Wiki ijayo viwili. Endelea hivyo, nusu kila wiki, mpaka ufike kimoja au sifuri. Usikimbilie. Ulimi unahitaji muda wa kuzoea kila ngazi, na ukiruka kutoka tatu hadi sifuri utaichukia chai na kuirudia sukari kwa hasira. Kama kwenu mnapika chai na sukari ndani ya sufuria moja, zungumza na mpishi: sukari itoke jikoni ije mezani, kila mtu ajiwekee. Badiliko hilo moja lilitushusha kuliko mahubiri yangu yote kwa watoto.

Viungo vinasaidia sana. Iliki na mdalasini vina harufu ambayo ubongo umeshaizoea pamoja na utamu, kwa hiyo chai yenye viungo hivyo huonekana tamu hata sukari ikipungua. Tangawizi na mchaichai vinaipa chai ya rangi ladha ya kutosha mpaka hukumbuki kilichokosekana.

Watu huniuliza kuhusu asali na sukari guru. Ni sukari. Zina harufu nzuri na madini kidogo sana, lakini mwili unazihesabu vilevile, na kijiko cha asali kina uzito kuliko cha sukari. Vidonge vya utamu usio na kalori navyo si dawa ya unene: mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri visitumike kwa lengo la kudhibiti uzito. Mimi sivitumii kwa sababu nyingine pia, vinauacha ulimi palepale ulipokuwa, unaendelea kudai utamu mkali.

Hatua ya tatu: shiba asubuhi na mchana

Hapa ndipo penye kazi yote, na ndipo watu wanapopita haraka.

Chai tamu na maandazi ni sukari, unga mweupe na mafuta. Wanga wa unga mweupe humeng'enywa upesi, glukosi, yaani sukari ya damu, inapanda, kongosho linatoa insulini ili glukosi iingie kwenye seli, na saa mbili tatu baadaye inashuka, kwa baadhi ya watu chini ya pale ilipoanzia. Ubongo ukihisi hivyo unaomba kitu cha haraka. Mtu anadhani ana roho dhaifu, kumbe amekula kifungua kinywa dhaifu.

Protini na nyuzinyuzi hukaa tumboni muda mrefu zaidi na kufanya sukari ipande taratibu. Kwa hiyo swali la kila asubuhi liwe: protini yangu iko wapi? Mayai mawili ya kuchemsha yana gramu 12 hivi. Maharage yaliyobaki jana, yakipashwa moto na viazi vitamu vya kuchemsha, ni kifungua kinywa kizito kwa bei ndogo. Mbaazi za nazi ni nzuri, ila kula mbaazi nyingi na hamri moja badala ya hamri nne na mbaazi za kuonjea. Maziwa mgando yasiyotiwa sukari yanafaa. Uji nao unafaa, kwa sharti kwamba usitiwe vijiko vinne. Weka karanga za kusaga, ndimu, na kipande cha ndizi mbivu kilichopondwa.

Mimi nilianza na mayai mawili, kipande cha kiazi kitamu na chai yenye kijiko kimoja. Siku ya tatu nilitazama saa, ikawa saa kumi na robo, na sikuwa nimeikumbuka soda. Nilisimama pale na pindo la gauni mkononi nikashangaa kweli.

Mchana usiruke. Unayeruka mlo ili ukonde, unalipa jioni kwa riba. Kama unakula kwa mama lishe, sema mapema kabla hajapakua: "Mama, wali nusu, maharage yajaze, na mboga za majani niongezee." Hakuna anayekasirika, na mara nyingi bei haibadiliki. Lenga nusu ya sahani iwe mboga, mchicha, matembele, kabichi, bamia, chochote cha siku hiyo. Robo iwe maharage, dagaa, samaki, kuku au yai. Robo iliyobaki ndiyo ya ugali au wali, kipimo cha ngumi yako. Malizia na tunda: papai, chungwa, kipande cha tikiti. Tunda la baada ya mlo linakidhi ile haja ya kumalizia na kitu kitamu, tena lina nyuzinyuzi zake.

Hatua ya nne: vinywaji vitamu

Soda ya kola ina gramu 10 hadi 11 za sukari katika kila mililita 100. Chupa ya mililita 350 inakupa gramu 37 hivi, vijiko tisa, kalori karibu 150, na tumbo halihesabu kwamba limekula. Ndiyo maana katika kupunguza mwili hakuna kitu kinacholipa haraka kama kuacha vinywaji vitamu. Juisi ya miwa nayo ni maji ya sukari yenye ladha nzuri. Juisi ya embe ya nyumbani inameza maembe matatu kwa glasi, wakati ukiyala kwa meno utashiba na moja. Za pakiti, soma nyuma: tafuta gramu za sukari kwa kila mililita 100, zidisha kwa ukubwa wa pakiti, gawa kwa 4 upate vijiko. Fanya hivyo na kwenye mtindi wenye ladha ya stroberi au vanila.

Ugumu wa soda kwetu si kiu, ni heshima. Ukiingia nyumba ya mtu unaulizwa "unakunywa soda gani?", si kama unakunywa. Kukataa kunaweza kuonekana ni kumdharau mwenyeji. Nilijifunza kutokataa, bali kuomba. Nilipokwenda kwa wifi yangu mambo yalikwenda hivi:

"Wifi, nikuletee ya kola au ya chungwa?"

"Wifi yangu, leo nina kiu ya maji yako ya mtungi. Nipe makubwa."

"Maji tu? Watu watasema nakunyima!"

"Na hiyo ndimu yako uwanjani, kata kipande utie humo. Nitakunywa glasi mbili."

Akacheka, akachuma ndimu. Mgeni aliyepewa alichoomba amekirimiwa, na mwenyeji ameridhika. Harusini na msibani fanya hivyohivyo, omba maji mapema kabla soda haijafunguliwa mbele yako.

Hatua ya tano: hamu ikija

Itakuja, hata ukila vizuri. Jiulize kwanza: ningeletewa ugali na dagaa sasa hivi, ningekula? Kama jibu ni ndiyo, una njaa, basi kula chakula: yai la kuchemsha, kiganja kimoja cha karanga, tunda, mtindi. Kiganja kimoja, nasema, kwa sababu karanga gramu 30 zina kalori kama 170 na mkono hurudi kwenye kopo wenyewe. Kama ugali hutaki na unataka keki tu, hiyo ni hamu, na hamu hupanda kama wimbi kisha hushuka, hata usipoilisha.

Wakati inapanda, toka pale ulipo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, waliona kuwa kutembea kwa dakika 15 kwa mwendo wa haraka kunapunguza hamu ya chokoleti. Mimi ninakunywa glasi ya maji, kisha nazunguka mtaa hadi msikitini na kurudi. Siendi upande wa duka. Nikirudi, mara nyingi nimeshasahau. Isiposahaulika, nakula kipande cha papai au tende mbili polepole, nakaa chini, sili nikiwa nashona.

Chunguza pia hamu yako inafungamana na nini. Wengine inakuja wakifungua simu usiku, wengine wakigombana na mtu, wanawake wengi siku chache kabla ya hedhi. Ukijua saa yake, unaitayarishia chakula kabla haijafika. Na usiweke biskuti ndani kwa kisingizio cha watoto. Wanunulie siku ya kula, zile siku hiyo, ziishe.

Hatua ya sita: mazoezi, bila zawadi ya soda

Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na siku mbili za mazoezi ya kuimarisha misuli. Dakika 30 za kutembea haraka, siku tano, tayari umefika. Ongeza kuchuchumaa na kusimama mara 15, kujisukuma ukiegemea ukuta, kubeba ndoo ya maji mkono huu na ule.

Ninapenda sana vilabu vya jogging vya Jumapili alfajiri. Vinatutoa ndani, tunaimba, tunacheka, majirani wanajuana. Lakini nimeona tukirudi tunapitishiana soda na vinywaji vya kuongeza nguvu kama tuzo. Mtu wa kilo 65 akitembea haraka dakika 45 anatumia kalori karibu 200. Soda moja inarudisha 150 kwa dakika tano. Baada ya mazoezi ya kawaida mwili unataka maji, kisha chakula: supu, yai, ndizi. Kama umetoka jasho sana na hakuna aliyekukataza chumvi, supu yenye chumvi kidogo inatosha.

Hatua ya saba: lala

Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwaruhusu vijana 12 wa kiume kulala kwa muda wa saa 4 tu, usiku mbili mfululizo. Homoni ya njaa, ghrelini, ilipanda, na ile ya shibe, leptini, ikashuka. Vijana wakatamani zaidi vyakula vitamu na vya wanga. Nakumbuka majuma ya kuelekea Idi, nguo zimejaa, nashona mpaka saa nane usiku. Hakuna kifungua kinywa kilichoweza kuniokoa siku zile. Kama wiki hii hulali, usianze kupunguza chai wiki hii. Lala kwanza.

Ramadhani na siku za shughuli

Kufuturu kwa tende na maji kunatosha kukurudishia nguvu, tende tatu si tatizo. Tatizo ni tende tatu, kisha juisi ya jagi, kisha kalmati, kisha tambi za sukari, vyote ndani ya nusu saa. Chagua kitamu kimoja kwa siku: leo kalmati, kesho tambi. Futuru, swali, halafu ndipo ukae kwenye mlo wenye maharage, samaki na mboga. Daku iwe na protini, kwa sababu ndiyo itakayokubeba mpaka alasiri.

Kwenye harusi, kula kipande chako cha keki. Kile kipande si adui yako, na mtu anayejinyima kila kitu miezi miwili ndiye anayemaliza sinia nzima mwezi wa tatu.

Ukiteleza

Umekula vitumbua sita na soda mbili. Usikose mlo unaofuata ili kufidia, hapo ndipo unapoipanda hamu ya kesho. Kula mlo wako wa kawaida wenye maharage na mboga, kunywa maji, tembea, lala. Kisha rudi nyuma uangalie: mchana ulikula nini? Mara tisa kati ya kumi, kwangu mimi, jibu lilikuwa "sikula".

Kupima matokeo

Mzani pandia mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi baada ya kutoka chooni. Ukipanda kila siku utachanganyikiwa, kwa sababu maji mwilini peke yake hubadilisha uzito kwa kilo moja au zaidi. Mimi naamini zaidi futi ya kupimia nguo. Simama wima, pumua nje kwa kawaida, izungushe kiunoni usawa wa juu kidogo ya kitovu, isibane wala isilegee, andika namba na tarehe. Rudia kila baada ya wiki mbili mahali palepale. Nilianza na inchi 38. Miezi miwili ya kwanza ilitoka nusu inchi tu, nikaandika hivyohivyo na kuendelea. Mwezi wa nane ilikuwa 34 na nusu, na kilo ya sukari nyumbani ilikuwa inatupeleka wiki mbili na siku kadhaa. Sketi zangu zote nimezipunguza kiunoni kwa mkono wangu, na kitambaa cha ziada nimekiacha ndani ya pindo.